Dume wangu amepatikana na FIV: virusi hivi vimeenea kiasi gani, na paka gani huvipata?

Bibi wa Tanga ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina paka dume wa miaka sita, hajahasiwa, ambaye mchana hulala ndani na usiku hutoka kwa kupanda ukuta wa jirani. Mwezi uliopita alirudi na uvimbe shavuni, na siku ya tatu ukapasuka na kutoa usaha wenye harufu mbaya. Daktari wa mifugo alimsafisha kidonda, akampa antibaiotiki, kisha akampima damu kwa kipimo cha haraka, ambacho kilionyesha kuwa ana virusi vya FIV, vile ambavyo watu huviita Ukimwi wa paka. Nyumbani nina pia paka jike mzee aliyefungwa kizazi, ambaye hula naye sahani moja, na mjukuu wa miaka minne ambaye kila akimwona humpakata. Naomba kuelezwa ugonjwa huu umeenea kiasi gani, dume wangu aliupata vipi, na iwapo nimtenge.

Afisa mifugo amejibu:

Shikamoo, mama. Nianze na mjukuu: virusi hivi haviambukizi binadamu. Ni ndugu wa VVU kwa ukoo tu, na hukaa katika jamii ya paka.

Kuhusu kuenea, jibu hutegemea sana ni paka gani waliopimwa. Mwaka 2004 walipimwa paka zaidi ya 18,000 katika kliniki na makao ya wanyama huko Marekani na Kanada, na wenye FIV walikuwa takriban 2.5%. Lakini watafiti walipowachagua paka waliofikishwa kliniki wakiwa na majipu au majeraha ya kuumwa, kiwango kilipanda hadi zaidi ya 12%. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu njia kuu ya maambukizi ni jino: mate yenye virusi huingizwa ndani ya nyama paka mmoja anapomng'ata mwenzake. Ndiyo maana anayepatikana navyo mara nyingi ni dume aliyekomaa, asiyehasiwa, mwenye kutoka nje na kupigania eneo na majike. Sifa zote hizo, mama, umezitaja mwenyewe, na lile jipu la shavuni ni alama ya kawaida ya mapigano, ingawa yawezekana aliambukizwa miaka kadhaa kabla ya hilo.

Sahani moja, kulambana na kulala pamoja huambukiza kwa nadra sana. Mama mwenye virusi anaweza kuwaambukiza wanawe, lakini hilo nalo si la mara kwa mara.

Mfugaji wa Mombasa amejibu:

Shikamoo, mama. Mimi nilikaa na shume wa aina hiyo kwa miaka mitano baada ya kupimwa, akiishi na majike wawili, na walipopimwa tena wote wawili hawakuwa navyo. Hawakuwa wakigombana, na nadhani hilo ndilo lililowaokoa. Kilichomsumbua zaidi ni kinywa: ufizi ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, akawa anaisogelea sahani, ananusa, kisha anarudi nyuma bila kula. Tuliposagia samaki hadi wakawa laini, akala. Kwa hiyo mkague kinywa kila wiki, na usidharau homa wala kidonda kidogo, kwani kinga yake hudhoofika polepole na maradhi ambayo mwingine angeyashinda humlemea yeye.

Mwanafunzi wa tiba ya wanyama, Morogoro, amejibu:

Ningependa kuongeza jambo kuhusu kipimo, kwa sababu naona watu wengi wakilia mapema. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi, si virusi vyenyewe, hivyo matokeo ya kuwa navyo yanafaa kuthibitishwa kwa kipimo cha pili. Mtoto wa paka aliye chini ya miezi sita anaweza kuonekana anavyo kumbe ni kingamwili alizopewa na mama yake. Kinyume chake, aliyeng'atwa jana anaweza kuonekana mzima, na ndiyo maana hushauriwa apimwe tena baada ya siku 60. Yule jike mzee apimwe pia, hata kama hagombani.

Virusi hivi viligunduliwa California mwaka 1986, lakini jamaa zake ni wa zamani: simba wa Serengeti wana aina yao wenyewe, na karibu kila simba mzima kule anayo. Nalitaja hili kwa sababu neno Ukimwi huwatisha watu hadi wakadhani paka atakufa wiki ijayo, ilhali wengi huishi miaka mingi wakiwa na afya njema. Kumhasi na kumzuia ndani ni kwa faida yake, na zaidi kwa faida ya paka wa jirani.

Bibi wa Tanga amejibu:

Marahaba, wanangu, nimewaelewa. Jike amepimwa na hana. Dume amehasiwa wiki mbili zilizopita, na dirisha la jikoni nimelifunga kwa wavu. Usiku wa kwanza alilia hadi adhana ya alfajiri. Wa pili alipanda juu ya gunia la mchele akalala hapo, na ndipo anapolala mpaka leo.