Eko ya moyo, skana ya moyo: waliopitia, tupeane uzoefu

Mama Katuba: Jambo bandugu. Docta amemwandikia mama mkwe eko ya moyo. Miguu inamvimba, akipanda ngazi pumzi inamkatika. Hapa mtaani kila mtu ana lake. Mmoja anasema asile tangu jana yake, mwingine eti mionzi itamchoma. Ninyi mlifanyaje?

Papa Kampemba: Mionzi hakuna, mama. Ni mawimbi ya sauti, kama eko ya wajawazito. Mimi nilikunywa chai na mkate, nikameza dawa zangu za tension (presha), nikaenda. Unavua shati, wanakubandika nyaya kifuani, unalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Ule ute wanaokupaka ni baridi, acha tu! Kinachochosha ni kile kifaa: anakikandamiza katikati ya mbavu, anakwambia "toa pumzi, baki hivyo". Mara mashine ikaanza kulia fwash, fwash. Nilidhani imeharibika, kumbe ni damu yangu inapita. Nusu saa hivi, umemaliza.

Dada Kamalondo: Wanawake, vaeni blauzi ya vifungo mbele na mbebe kitenge, maana sidiria inatoka. Niliomba muuguzi wa kike abaki chumbani, wakakubali bila maneno.

Kijana wa Ruashi: Ulizeni kwanza ni eko gani! Kuna ile inayopitia kooni, baba alifanyiwa. Hiyo lazima kufunga, kama masaa 6. Meno ya bandia yanatolewa, koo linapuliziwa ganzi, wanamchoma sindano ya dawa ya kumlegeza. Mzee alidai chai hata hajashuka kitandani. Tukamnyima mpaka ganzi iishe, angepaliwa. Na siku hiyo haendeshi gari.

Yaya wa Kenya (ya Lubumbashi): Mimi ni skana ya mishipa ya moyo, niliifanyia Afrika Kusini. Hiyo skana ndiyo ina mionzi. Kahawa na chai marufuku tangu jana yake, kwanza wanapima damu kuangalia figo, halafu kidonge cha kupunguza mapigo ili picha isitikisike. Dawa ya ayodini, ile ya kufanya mishipa ionekane, ilipoingia mkononi, joto likanishuka mpaka nikaamini nimejikojolea. Niliposhuka nikashika suruali: kavu! Wenye mzio, pumu, mimba, au wanaomeza metformini ya sukari, semeni mapema, msingoje kuulizwa.

Mama Katuba: Aksanti sana. Nimempigia muuguzi, ni ile ya kifuani. Basi uji wake atakunywa.

Papa Kampemba: Vizuri. Bebeni ECG (karatasi ya umeme wa moyo) ya zamani na dawa zake kwenye maboksi yake. Anayepiga picha mara nyingi hasemi kitu, msiogope kimya chake. Docta aliyewatuma ndiye atawaeleza. Kwenye karatasi mtaona FE, ni sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo. Kawaida ni kama asilimia 55 hadi 70. Yangu ilikuwa 40, na bado natembea mpaka sokoni.