Naomba ushauri: kijito cha shambani kimejaa tope

Wakuu, habari zenu. Nina shamba bondeni huku Lushoto, kijito kinapita katikati. Zamani kingoni kulikuwa na matete na mafunjo. Sasa ni kabichi na karoti hadi majini, na juu kuna mikaratusi aliyopanda mzee. Mvua ikinyesha, udongo na mbolea vyote vinawashukia wanaochota chini.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji, ila shamba lenyewe halina upana huo! Je, ukanda mwembamba wa matete na majani ya guatemala (ng'ombe nao wale) utachuja vya kutosha? Nikikata mikaratusi, visiki nivizuieje visichipue? Na aliyewahi kurudisha kinamasi, alianzia juu au chini?