Ombi la ushauri: mfadhili anataka siku nzima ya kongamano letu la wapambaji wa maua

Mpambaji wa Ntinda

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mpambaji wa maua hapa Kampala kwa mwaka wa tisa sasa; nina duka dogo Ntinda, na kazi zangu nyingi ni harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na mashada ya misiba. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limeigawa kamati yetu ndogo ya watu saba, na ambalo sharti tuliamue kabla ya mwezi huu kwisha.

Mwaka jana tulikusanyika wapambaji wapatao arobaini kwa siku moja, na nitasema wazi kwamba siku ile ilituaibisha. Mawaridi yalifika saa moja asubuhi yakiwa ndani ya maboksi, yakawekwa kwenye veranda iliyopigwa na jua, kwa sababu mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ukumbini akisubiri zamu yake ya kuhutubu. Hotuba ziliendelea hadi chakula cha mchana. Saa nane, mwalimu alipoanza kutuonyesha namna ya kutengeneza tao la maua, mawaridi yalikuwa yameinamisha shingo na sifongo ya maua, ile ya kuchomekea mashina, ikaisha kabla ya tao kufika nusu. Wageni wetu wa Busia na Kigali walipiga picha mbele ya ukuta wa maua ya plastiki wakaenda zao.

Sasa tunataka siku mbili, watu themanini, na tumekusudia kuwaalika wenzetu wa Kenya, Tanzania, Rwanda na Congo. Mfanyabiashara mmoja anayeagiza vifaa vya upambaji kutoka nje, ambaye sitamtaja, amejitolea kulipia ukumbi na chakula cha siku zote mbili, kwa sharti kwamba siku ya pili iwe yake yote kwa maonyesho na mauzo, na kwamba kwenye meza za mafunzo zitumike bidhaa zake pekee, yaani sifongo na maua ya bandia. Watatu kati yetu wanasema tukubali, watatu wanakataa, na mimi ndiye wa saba. Je, nipige kura upande upi? Na je, tufanye lini, na mashindano yawepo au yasiwepo?

Mama wa Mashada, Jinja

Binti yangu, usimpe siku. Nasema hivyo bila chuki kwa mfanyabiashara, maana kila mtu anatafuta riziki yake, lakini anayechagua vifaa vya mezani ndiye anayechagua somo, na wewe utabaki kuwa mwenye kukaribisha wageni tu.

Chukua hiyo sifongo yenyewe kwa mfano. Ilibuniwa Marekani mwaka 1954 katika kampuni ya Smithers, ile ya jina la Oasis, na kwa kweli imeturahisishia kazi. Hata hivyo ni plastiki. Ikikauka inavunjikavunjika kuwa unga usiooza, na ukiumwaga mtaroni unakwenda ziwani. Chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza, RHS, kiliipiga marufuku katika maonyesho yake kuanzia mwaka 2021. Iwapo wenzetu wa huko wameanza kuiacha, sioni kwa nini sisi tulipe nauli kutoka Kigali na Goma ili tukafundishwe kuinunua.

Kabla sifongo haijatufikia Jinja, mimi nilipamba makanisa kwa mgomba. Unakata shina bichi lenye urefu wa mkono, unaambua maganda ya nje mawili au matatu hadi ufikie yale meupe, unasawazisha ncha zote mbili ili lisibingirike, kisha unachoma vishina vya maua moja kwa moja, ukitanguliza tundu kwa kijiti kilichochongwa kwa maua yenye shina laini. Mgomba una maji ya kutosha kulisha maua siku mbili, na baada ya hapo unarudi shambani ukawa mbolea. Nchi hii inaotesha migomba kila pembe, na kwenye sherehe tunaisimamisha langoni iwe mapambo. Ni ajabu kwamba hatuifundishi. Onyo langu ni moja: utomvu wake ukigusa kitambaa cheupe, doa halitoki kamwe, kwa hiyo tandika karatasi ya nailoni kwanza. Nilijifunza hilo kwenye meza ya bwana harusi, na malipo yangu ya siku ile yakaishia kununua kitambaa kipya.

Mfungashaji wa Entebbe

Mimi nafanya kazi katika ghala la kufungasha maua kwenye shamba moja la kando ya ziwa. Nitajibu suala la tarehe na la maua yenyewe, kwa kuwa ndiyo ninayoyafahamu.

Kuhusu tarehe, msituletee ombi la maua mwezi Februari. Baada ya tarehe 14, Siku ya Wapendanao, mtadhani tumepumzika, lakini hapohapo inaingia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, kisha Siku ya Mama ya Waingereza, ambayo huangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima, nasi hufungasha usiku na mchana. Mwaka 2027 Jumapili hiyo ni tarehe 7 Machi, na Pasaka ni tarehe 28. Kwa hiyo wiki inayoanzia tarehe 14 Machi sisi tunapumua, na ninyi wapambaji pia, kwa maana harusi za kanisani huwa chache wakati wa Kwaresima. Idi itakuwa imepita siku chache kabla, hivyo wenzetu Waislamu hawatakaa kwenye mafunzo wakiwa wamefunga. Epukeni mwanzo wa Juni, kwa sababu tarehe 3 mahujaji wa Namugongo hujaza hoteli na barabara za Kampala, na katika mwezi huohuo Nairobi huwa na maonyesho yake makubwa ya biashara ya maua, yale ya IFTEX, ambayo Wakenya wengi hawatayaacha kwa ajili yetu.

Kuhusu maua, waambieni wageni mapema kwamba waridi la Uganda ni dogo kichwa. Mashamba yetu yako karibu na usawa wa ziwa, takribani mita 1,130 juu ya bahari, na joto linaliharakisha ua. Naivasha iko karibu mita 1,900, usiku wake ni baridi, ua linakua polepole na kichwa kinanenepa. Mwalimu akiandaa somo kwa waridi la Naivasha halafu akapewa letu, atalalamika kwamba tumempa machipukizi. Waridi dogo lina kazi zake: taji la bibi harusi, ua la kifuani, shada la mkononi. Afundishe hizo.

Na maboksi, tafadhali, yasingoje ufunguo wa mtu. Ndoo zenye maji safi ziwe zimepangwa tangu jana yake. Maua yakifika, toa majani yote yatakayozama, kata shina kwa mshazari kwa kisu kikali kiasi cha sentimita mbili, tia majini papo hapo, acha yanywe saa nne au zaidi kivulini kabla mtu hajayagusa. Kama hamna dawa ya maua, lita moja ya maji ichanganywe na kijiko kidogo cha sukari, kijiko kidogo cha Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, na vijiko viwili vidogo vya maji ya limau. Waridi hulala vizuri kwenye baridi ya nyuzi 1 hadi 4, ila helikonia na anthuriamu, maua ya nchi za joto, msiziweke humo kabisa. Chini ya nyuzi 12 hivi zinapiga weusi. Na mpishi aambiwe asihifadhi ndizi mbivu katika chumba cha maua, kwani ndizi inapoiva hutoa gesi ya ethilini, na karnesheni zikiivuta hufumba kama zimesinzia, wala hazifumbuki tena.

Kazi Iendelee

Nawaheshimu waliotangulia, hasa mama yetu wa Jinja, lakini naona mnazungumza kana kwamba ukumbi ni wa bure. Mimi nakodisha mapambo, na nusu ya wateja wangu huomba maua ya bandia kwa sababu yanatumika mara ishirini. Kuyakataa kongamanoni ni kuwakataa wateja wetu wenyewe. Tena, mkimfukuza mfadhili, kiingilio kitapanda, na atakayeshindwa kukilipa ni yule kijana anayeuza maua kwa ndoo Nakasero, ambaye ndiye anayehitaji mafunzo kuliko mwenye duka Ntinda.

Ushauri wangu ni kwamba msikubali wala msikatae, bali mrudi kwake na masharti yenu kwa maandishi: apewe meza kubwa mlangoni kwa siku zote mbili, apewe nusu saa ya kueleza bidhaa zake baada ya chakula cha siku ya pili, na jina lake liandikwe kwenye bango. Meza za mafunzo zibaki mikononi mwa walimu. Kisha tafuteni wauzaji wengine watatu au wanne wa riboni, vyungu, vikapu na mikasi, kila mmoja alipie meza. Mfadhili akiwa mmoja ni bwana. Wakiwa watano ni wageni. Akikataa masharti hayo, mtakuwa mmejua kwamba alikuwa anakodi watu themanini wa kununua bidhaa zake kwa bei ya wali na nyama.

Msoma Kikuba

Nimezaliwa Mombasa, ninaishi Kawempe, na nina mti wa asumini nyuma ya nyumba, kwa hiyo mnisamehe nikiiona sherehe mahali ambapo ninyi mnaona bajeti.

Hoja yangu ni ya jioni ya siku ya kwanza. Kila nikihudhuria mikutano ya namna hii, sherehe ni muziki mkubwa na picha, na hakuna anayeshika ua. Kwetu pwani maua ni ya kunusa na kuvaa. Mwanamke hupamba nywele kwa koja la asumini, na kikuba cha asumini na rihani hubandikwa kifuani. Asumini huchumwa alasiri ikingali tumba, husomwa kwenye uzi, nayo hufunguka jioni ikiwa tayari imevaliwa. Hili haliwezi kufungashwa ndani ya boksi likasafiri. Sharti lifanyike palepale, saa ileile. Niko tayari kuja na sindano thelathini na vikapu viwili vya tumba, tukae chini mkekani, Mganda, Mnyarwanda na Mkongo, kila mtu asome kikuba chake na kukivaa wakati wa chakula cha usiku. Watu wanaoneana wivu sokoni huzungumza kwa urahisi zaidi wakiwa wameinamia uzi.

Kuhusu mashindano, yawekeni siku ya pili mchana, na kila mshindani apewe ndoo iliyo sawa na ya mwenzake, bila kuruhusiwa kuleta chochote ila kisu na mkasi. Meza ziwe na namba tu, majina yafichwe. Nimewahi kushindwa na mtu aliyekuja na gari zima la vifaa, na sijui hadi leo kama alinizidi ufundi au alinizidi gari.

Muuza Maua wa Goma

Ninawasoma kutoka Goma, ingawa mizigo yangu hunileta Kampala mara kwa mara. Mwaliko wenu umenifurahisha, lakini kuna mambo mawili ambayo waandaaji husahau.

Kwanza, karatasi za safari. Wakenya na Wanyarwanda wamekuwa wakivuka kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, na kwa hiyo barua zenu huandika kwamba mgeni abebe kitambulisho. Sisi Wakongo tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na msituandikie hivyo. Tuelezeni wazi tuje na hati kamili ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nanyi mtupe barua ya mwaliko mapema. Tena mwandike kwa herufi kubwa kwamba mgeni asibebe maua wala mimea, kwa sababu bila cheti cha afya ya mimea vitaishia mpakani.

Pili, lugha. Mkiendesha mafunzo kwa Kiingereza, nusu ya waliotoka kwetu watatikisa vichwa kwa adabu. Kiswahili tunakijua, hata kama chenu na chetu havifanani sana. Shida ni majina: ua ambalo mimi naliita kwa jina la Kifaransa, Mganda analiita kwa la Kiingereza, na mama wa Mombasa ana jina la tatu. Fungeni karatasi kwenye kila ndoo, na kila mgeni aandike jina analolitumia kwao.

Mpambaji wa Ntinda

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Tulikuwa na misiba miwili katika wiki moja.

Kamati ilikutana jana, na kura yangu nimeipiga kama alivyoshauri Kazi Iendelee. Tulimpelekea mfadhili masharti yetu kwa barua. Amejibu kwamba siku nzima ameiacha, lakini kwa nusu saa na meza atalipia chakula cha siku moja tu, na ukumbi tuutafute wenyewe. Wawili kati ya waliotaka tukubali toleo lake la kwanza wamenuna. Sisi wengine tumeona ni bei ya haki, na tumepata uwanja wa parokia moja wenye banda kubwa na, muhimu kuliko yote, mabomba mawili ya maji karibu na kivuli. Tarehe tuliyoiwekea alama ni Jumanne na Jumatano, 16 na 17 Machi 2027. Padre hakusita, maana katika Kwaresima altare yenyewe haiwekwi maua, isipokuwa Jumapili ile ya nne na sikukuu zinazoangukia humo, hivyo wapambaji wa parokia watakuwa na nafasi ya kujiunga nasi.

Hotuba tumezipa dakika kumi kwa jumla, na maua yatafika Jumatatu alasiri. Ufunguo wa stoo nitaushika mimi, nami sitahutubu.

Mama wa Jinja, tumekuandika ufundishe mgomba asubuhi ya kwanza, na usitukatalie. Watu themanini, wawili kwa kila shina, ni vipande arobaini vya urefu wa mkono. Naomba unieleze ni migomba mingapi mizima nitakayohitaji, na kama iliyokwisha kuzaa inafaa sawa na ile ambayo haijazaa.

Mama wa Mashada, Jinja

Nitakuja, binti yangu. Chukua iliyokwisha kuzaa, kwa kuwa mwenye shamba ataikata hata hivyo, na hatakudai pesa nyingi. Mgomba mmoja mnene unatoa vipande vitatu vizuri. Sehemu ya juu kabisa ni laini mno, iache. Agiza kumi na sita, miwili ya ziada hukosi wa kuiharibu. Ikatwe Jumatatu jioni, isilazwe juani, na nailoni ya mezani usiisahau.