Kurusha wanyamapori mbashara: kamera ya kudumu penye maji, au mwongozaji na simu?

Pofu_Mpole (mwanzisha mada)
Wakuu, hifadhi ndogo inataka kuonyesha wanyama wake mbashara, watu waelewe uhifadhi na wageni waongezeke. Mezani kuna njia mbili: kamera ya kudumu kwenye bwawa la kunywea, saa 24; au mwongozaji garini anayerusha kwa simu alfajiri na jioni. Umeme wa gridi hakuna, 4G inakuja na kuondoka. Tuanze na ipi?

FundiNguzo
Anza na data, wengi hukwama hapo. Video ya ubora wa 1080p (HD kamili) hutaka megabiti 4 hadi 6 kwa sekunde upande wa kupandisha (upload). Kwa megabiti 4 tu ni GB 1.8 kwa saa, GB 43 kwa siku, karibu TB 1.3 kwa mwezi. Bando la simu halitoboi wiki. Shuka hadi 720p, ubora wa chini kidogo, kwa megabiti 2.5 hadi 3, na mtandao uwe na kasi walau mara moja na nusu ya hiyo. Pima jioni unapolemewa, si saa nne asubuhi.

Umeme: kamera ya kuzunguka na ruta tuseme wati 20, yaani wati-saa (Wh) 480 kwa siku. Betri ya lithiamu ya 12V 100Ah inabeba siku mbili za mawingu. Paneli ya wati 140 inatosha kwenye karatasi. Weka 200, maana vumbi na mavi ya ndege hayajui karatasi. Ukiongeza dishi la kawaida la Starlink, intaneti ya setilaiti, linalokula wati 75 na zaidi, zidisha kila kitu mara nne au tano.

Waya wa mtandao mwisho mita 100. Zaidi ya hapo tumia faiba au antena mbili zinazotazamana.

Bi_Tausi
Hesabu safi, lakini swali la Pofu ni nani anatazama. Kamera ya bwawa inajenga watazamaji wa kudumu, wanaorudi kumwangalia mnyama wanayemjua. Hifadhi ya Katmai, Alaska, ilianza mwaka 2014 kuwapigia kura dubu wanene. Mashabiki wa kamera za mtoni walikuwa tayari wanawatambua mmoja mmoja. Bila utambulisho huo unabaki na picha ya maji.

Mgeni wa kulipa safari hushawishiwa na mwongozaji. Anauliza, anajibiwa papo hapo, anaona barabara, gari na umbali wa simba. Kwa shabaha ya utalii, mimi naanza na gari.

FundiNguzo
Nakubali, ila simu moja kwenye gari linalotembea itakatika kila bonde. Tumia kifaa kinachounganisha laini za kampuni mbili au tatu, au simamisha gari penye mnara ndipo urushe dakika 20. Dakika 20 thabiti ni bora kuliko saa mbili za kugandaganda. Na jaribuni akaunti mapema: YouTube huweza kuchukua hadi saa 24 kuruhusu matangazo ya kwanza.

JichoUsiku
Kwa kamera: taa ya infraredi (ya kuonea gizani) ya nanomita (nm) 850 inaona mbali ila ina wekundu hafifu; nm 940 haionekani, lakini inafika karibu zaidi. Wadudu wakizunguka hapo, buibui wanafuata, na utando mbele ya lenzi unang'aa kama pazia. Weka taa kwenye nguzo tofauti na kamera. Nyaya zifukiwe ndani ya bomba, la sivyo nyani watazing'oa. Nguzo iwe mbali na njia ya tembo.

Kamera isiyo na maikrofoni iwekewe mkondo wa sauti ulio kimya kwenye enkoda (kifaa kinachogeuza video iweze kurushwa mtandaoni), maana YouTube mara nyingi hugoma bila sauti. Tangazo likizidi saa 12, usitegemee kumbukumbu yake yote ibaki, rekodi pembeni.

Mfuatanyayo
Hamjagusa ujangili. Kama kuna faru, usirushe papo hapo: chelewesha kwa saa kadhaa, zima GPS ya simu, usionyeshe kilima wala njia panda inayotambulika. Mwongozaji asitaje jina la eneo hata akiulizwa mara kumi.

Pofu_Mpole
Faru wapo wawili. Basi gari litaanzia upande wa mto, mbali nao, na kamera ya bwawa isubiri tupate laini inayobeba megabiti 4.5 mfululizo jioni. Mfuatanyayo, kwenye kuchelewesha: enkoda yenyewe inaweza, au tuwe na kompyuta ya kurekodi kwanza?

Mfuatanyayo
Kompyuta. Enkoda nyingi huchelewesha sekunde tu. Rekodi faili, askari wa doria alipitishe, ndipo lirushwe.