Ushauri: Nina Mustang ya 1966 na dola 3,000, nataka ikamate kona

Mtoto_wa_Makorora
Wakuu, habari za mihangaiko. Nipo Marekani, jimbo la Ohio, huu mwaka wa saba. Mwaka jana nilijitutumua nikanunua Ford Mustang ya 1966, milango miwili, V8, injini 302 (ujazo wa inchi za ujazo). Ukiliwasha, jirani anatoka nje na kikombe chake cha kahawa mkononi.

Shida ni kona. Ukiingia na maili 40 linalala kama jahazi lililopakia boriti, na usukani unazungusha leo, gari linakata kesho. Kuna klabu hapa Jumapili wanapanga koni kwenye maegesho makubwa, mnakimbia mmoja mmoja mkipimwa kwa saa. Nataka kuingia kabla kiangazi hakijaisha.

Bajeti dola 3,000, haiongezeki hata senti. Swali langu moja tu: ile seti ya miguu ya mbele (mikono, springi na shokapu) ya mtindo wa Mustang II, Mustang ya miaka ya 1970, ya kukata nguzo za shokapu na kuchomelea fremu mpya, ya nani nzuri? Na tairi gani? Rimu zangu inchi 14, nati nne.

Kaka_Mkubwa
Miaka saba Ulaya na Marekani halafu dola 3,000 unazimwaga kwenye gari lililozeeka kuliko shemeji yako. Kiwanja unacho? Mama kule Tanga anaezeka na nini? Nauliza tu.

Mtoto_wa_Makorora
Mkuu Ulaya sijawahi kufika. Na mama ana bati. Naomba turudi kwenye mada.

MzeeWaPijo
Dogo usimsikilize huyo. Marehemu mjomba alikuwa na Pijo 404, tukitoka Arusha kwenda Moshi enzi hizo, kona zote linapita limekaa vilevile, kuku wa kwenye buti hashtuki. Hakuwa na injini ya maana. Gari ni miguu, injini baadaye. Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari za 1965 na Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika na wengine kabla yake! Siku hizi vijana mnataka mngurumo. Ile 404 iliishia Babati, stori yake ndefu, nitaileta siku nyingine.

FundiShokapu
Mtoa mada, umeuliza ununue seti ya nani. Mimi nakwambia usinunue kwanza. Ile seti ukishaitoa kwenye boksi, ukamlipa mchomeleaji anayejua kupima fremu, ukaweka rimu, hiyo 3,000 imekwisha na gari liko juu ya mawe.

Miguu ya kiwandani ya Mustang hiyo si mibaya, imefungwa pabaya. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, ndiye aliyepiga hesabu ya kushusha mkono wa juu, na Shelby, watengenezaji wa Mustang za mashindano, wakaitumia kwenye GT350 ya 1965. Unatoboa matundu mapya inchi moja chini ya yale ya zamani, unahamishia mkono wa juu hapo. Basi. Gharama yake ni drili, kipande cha bati cha kupimia matundu, na mchana mmoja. Faida yake: gari likilala kwenye kona, tairi la nje linasimama wima na kukanyaga kwa uso wote badala ya kukanyaga kwa ukingo.

Ongeza stabilaiza ya mbele (chuma cha kuzuia gari lisilale) ya unene wa inchi moja, shokapu mpya, na ile brasi ya kufunga nguzo mbili za shokapu na ukuta wa mbele ya kioo. Badili bushi. Halafu alaimenti usimwachie fundi afuate kitabu cha 1966, vipimo vile ni vya tairi za zamani, si hizi za kisasa za radial. Mwambie akupe kemba (tairi kuinamia ndani kwa juu) hasi nusu digrii na kasta (mhimili wa usukani kulalia nyuma) chanya kadiri itakavyokubali.

Sasa nikuulize: breki zikoje? Na tairi zina umri gani? Ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka.

Mtoto_wa_Makorora
Asante fundi. Tairi zimeandikwa 2609 lakini kashata (meno ya tairi) bado zipo, hata hazijaliwa. Breki ziko sawa, zinashika. Ila kutoboa naona kama ushamba, seti mpya inakuja na kila kitu.

FundiShokapu
2609 ni wiki ya 26 ya 2009. Mpira umeshakuwa ubao huo. Nusu ya ugonjwa wako ni hapo. "Zinashika" si jibu. Diski au dramu? Masta silinda, ile pampu ya breki, ina chumba kimoja au viwili?

Otis_wa_Rongai
Buda, uza hiyo kitu ununue Subaru. Kona utazipiga mpaka uchoke, na heater iko. 😂

BintiKigoma
Mimi sijui magari ila nimeweka kambi. Huyo jirani mwenye kahawa ni mzuri?

Nusanusa
Jamani mnakunywa chai na hamjui. Someni tena post namba moja. Mustang ya 1966, injini 302. 302 imeanza 1968! Mwaka 1966 V8 ilikuwa 289. Pili anasema rimu ni nati nne. Mustang ya V8 ni nati TANO. Tatu, hajaweka picha hata moja. Huyu yuko Mbagala na bando la usiku. Mods, hamisheni uzi jukwaa la hadithi.

Otis_wa_Rongai
Chai ya rangi ama ya maziwa?

Mtoto_wa_Makorora
Nusanusa una matatizo. Nina kadi ya gari, nina risiti, sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua. Picha hii hapa. Kama hamtaki kusaidia mseme.

Nusanusa
Picha ya boneti tu. Hata mimi naweza kupiga boneti.

FundiShokapu
Tulieni. Nusanusa ameona kitu cha kweli ila amehukumu vibaya. Mustang za silinda sita za miaka ile zilitoka na nati nne. Mtoa mada, soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma cha upande wa dereva, ukifungua boneti. Nataka herufi ya tano tu.

Mtoto_wa_Makorora
Inaanza 6R07T.

FundiShokapu
6 ni mwaka 1966. R ni kiwanda cha San Jose. 07 ni ya paa gumu. T ni silinda sita, injini 200. Wewe ulijua?

Mtoto_wa_Makorora
Muuzaji aliniambia ilibadilishwa injini. Sikuona kama inahusu, nimeuliza miguu ya mbele sikuuliza injini.

FundiShokapu
Inahusu kuliko yote uliyoandika. Maana yake una V8 juu ya breki za silinda sita: dramu za inchi 9 pande zote nne, wakati V8 ya kiwandani ilipewa za inchi 10. Masta silinda chumba kimoja, paipu moja ikipasuka unakanyaga hewa mpaka ukutani. Difu ya nyuma nayo ndogo, inchi 7.25, haikutengenezewa nguvu hiyo. Na wewe unataka kwenda kukimbiza koni.

Pesa yako anza nayo hapa: tafuta skrepa Ford Granada ya mwishoni mwa miaka ya 1970, chukua spindo (vyuma vya kubeba magurudumu ya mbele) na diski zake, nati tano. Nyuma, difu ya inchi 8 ya Ford Maverick ya V8, upana unakaribiana. Masta ya vyumba viwili. Halafu rimu za inchi 15 na tairi mpya, kwa sababu za 14 zenye kushika ni za kutafuta kwa tochi. Baada ya hapo ndiyo drili.

Mtoto_wa_Makorora
Nimekuelewa fundi, ila kuna kitu. Nimeshatanguliza dola 600 kwa hiyo seti. Hairudishwi, ni kwa masharti yao. Kwa hiyo nikiacha nimepoteza. Na inakuja na diski zake za mbele, kwa hiyo breki za mbele zimekwisha. Nyuma nitaenda polepole.

Kaka_Mkubwa
600 hiyo ni mifuko mingapi ya saruji?

MzeeWaPijo
Dogo, 600 imeshakwenda. Usiitumie 2,400 kwenda kuizika.

Mtoto_wa_Makorora
Mzee nyie mnaongea kirahisi. Nimemwambia kila mtu kazini kwamba naweka seti mpya.

BintiKigoma
Hapo sasa ndiyo umesema ukweli.

Mtoto_wa_Makorora
Mrejesho. Leo Jumamosi nimeinua mbele kushoto nikavua dramu. Nimepima kwa rula ya mtoto wa jirani, inchi 9 kamili. Ndani kuna ute mweusi, silinda ya gurudumu inavuja, na kiatu kimoja kimelowa mafuta nusu yake. Kumbe ndiyo maana ukikanyaga linavutia kulia, mimi nilidhani ni alaimenti. Nimeandikia wale wa seti kuuliza kama 600 wanaweza kuigeuza kuwa stabilaiza na shokapu. Hawajajibu. Picha nimeweka.

Nusanusa
Picha ya pili haifunguki.