Yule bwana kavuta kona ya dirisha langu, kacheka, kaondoka!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayesimama nyuma ya kiti cha mtu, kikombe mkononi, anakupumulia kisogoni.

Tangu asubuhi nahangaika na kadirisha kamoja ka programu ninayoandika kwa lugha ya Java. JFrame (dirisha lenyewe), ndani yake JPanel (paneli ya kubebea vitu), juu ya paneli kitufe na kisanduku cha kuandikia jina. Basi! Nakompaili, erori hakuna hata ya dawa. Naendesha, linafunguka dirisha tupu kama uwanja wa mpira usiku wa manane. Nimebadilisha rangi ya paneli. Nimeongeza setSize (ukubwa wa dirisha) mpaka dirisha likajaa skrini nzima. Tupu!

Ndipo akaja. Hodi hakuna, salamu hakuna. Kapitisha mkono juu ya bega langu, kashika mausi YANGU, kavuta kona ya dirisha kiasi cha upana wa ukucha. Kitufe hicho! Na kisanduku cha jina hicho! Akacheka, akasema, "Dirisha lako lina haya, kijana," akaenda zake.

Akaenda zake! Sababu hakusema. Chumba kizima kimecheka mpaka feni ya dari imetikisika. Kona, wakuu. Kaivuta kwa vidole viwili, kama anafukuza nzi. Mtu unajua kitu, mwenzako anazama mbele yako, unamwonyesha kwamba unajua kisha unaondoka?

Kichwa_Ngumu: Pole mkuu. Mimi alinifutia mistari kumi akasema "sasa andika upya vizuri". Mpaka leo sijui kosa lilikuwa wapi.

BinMsimbo: Mleta mada, setVisible(true), ile amri ya kuonyesha dirisha, umeiweka mstari wa ngapi?

Mleta mada: Wa tatu. Lakini hoja siyo hiyo! Hoja ni KONA.

BinMsimbo: Hahaha, wa tatu! Umefungua duka halafu ndiyo unapanga bidhaa. Dirisha likishaonekana, ukiongeza kitu halijipangi upya lenyewe. Ukivuta kona ukubwa unabadilika, hesabu ya mpangilio inapigwa upya, vitu vinatokea. Weka setVisible mwisho kabisa, au ukishaongeza ita revalidate() na repaint(), lijipange na kujichora upya. Kaa kwa kutulia.

Mleta mada: Umeona? Sentensi nne tu! Yeye zilimshinda nini? Kavuta kona, kacheka.

MamaPikseli: Afadhali wewe vyako vilitokea. Mimi niliongeza vitufe viwili kwenye JFrame bila kutaja mahali, vyote vikaenda CENTER (katikati), cha pili kikameza cha kwanza. Siku mbili namtafuta "Hifadhi", kumbe yuko chini ya "Futa".

Usiku_Mrefu: Tuongelee alama ya X basi. Unafunga dirisha, programu bado iko hai inakula memori. JFrame usipoiambia EXIT_ON_CLOSE (ukifungwa, zima programu) inajificha tu. Swing, maktaba ya Java yenye hiyo JFrame, imeingia na Java 1.2 mwaka 1998, mpaka leo mtu anafunga dirisha halifi!

Nyoka_Mpole: Hamieni lugha ya Python. Tkinter, maktaba yake ya madirisha, mistari mitano, dirisha hilo.

MamaPikseli: Tkinter ile ile ukichanganya pack (kupanga vitu kimoja baada ya kingine) na grid (kupanga kwa mistari na safu) ndani ya fremu moja inakutupia erori?

Nyoka_Mpole: Nani alikutuma uchanganye? Tumia grid.

Kichwa_Ngumu: Grid kwa vitufe viwili? Pack inatosha.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye kona.

Nyoka_Mpole: Pack inatosha mpaka siku utakapotaka lebo na visanduku vikae kwenye mstari mmoja. Ndiyo utanitafuta.

Usiku_Mrefu: Mimi kwenye Java naweka setLayout(null), mpangilio wa kujipanga nauzima, kila kitu nakipangia mahali kwa setBounds. Raha tupu.

BinMsimbo: Wewe sasa ndiye wa kufungiwa uzi wako peke yako. Mtu akiongeza ukubwa wa herufi maneno yote yanakatwa!

Usiku_Mrefu: Asiongeze.