"Hapa naona maji, mahindi siyaoni"

MamaWaNgao:
Jamani, nimetoka hapo ofisi ya fidia ya mafuriko sasa hivi, mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa kukalia kiti cha chini ya feni, anayegonga muhuri kana kwamba wino anaununua kwa mshahara wake. Huyo huyo.

Nimempelekea picha za shamba langu za Aprili 2024. Ekari mbili, mahindi ya kumwagilia kwa pampu ya kukodi, zimebaki wiki tatu tuvune. Bwawa la Masinga likajaa huko juu, Mto Tana ukaacha njia yake ukaja kulala kwangu. Picha nilipiga nikiwa mtumbwini. Akaichukua simu, akaigeuza huku na huku, akanena mbele ya watu wote: "Mama, hapa naona maji. Mahindi siyaoni."

Mahindi siyaoni! Yako chini ya maji, ndiyo maana yakaitwa mafuriko!

Foleni nimeishika tangu saa kumi na moja alfajiri. Kichwa kiko Garsen, mkia uko Minjila. Kitoto kilichobebwa mgongoni mbele yangu, tulipofika dirishani kilishaota ndevu. Halafu naambiwa mahindi siyaoni. Na jirani yangu, asiyejua hata jembe linashikwa wapi, pesa zimeingia kwenye simu yake tangu Ijumaa. Yake aliyaona?

Kidole cha huyo wa muhuri kilikuwa na mafuta ya mahamri. Alama bado iko kwenye kioo, juu ya shamba langu. Mahindi siyaoni!

BodaHola:
😂😂 Mama pole, ungemfungia gunia la matope umpelekee.

Msemakweli_07:
Mimi alitaka barua ya chifu. Chifu akataka ya mzee wa kijiji. Mzee wa kijiji yuko kambini, nyumba ilienda na maji, na muhuri ulikuwa ndani.

Asiyelala:
Lakini kwa haki, hiyo picha hata mimi nimeikuza, naona mto tu. Ungepiga shamba kabla ya maji.

MamaWaNgao:
Asiyelala, nani hupiga picha mahindi yaliyo mazima? Au nilitakiwa nizame na simu, mamba wanishikie tochi?

Asiyelala:
Usinikaripie mimi, mkaripie mto.

ShambaLaMpunga:
Nyinyi angalau mnaitwa foleni. Viboko walinimalizia mpunga, nikajaza fomu ya fidia ya wanyamapori mwaka 2015. Mwanangu alikuwa darasa la nne. Sasa ana kitambulisho na fomu haijarudi.

BodaHola:
Kiboko ana heshima, hula usiku. Nyani je? Anachuma embe bichi, anauma mara moja, anatupa, anachuma jingine. Mwembe mzima! Hiyo fomu yake iko wapi?

Msemakweli_07:
Nyani wa huku kwetu wamezoea hata mbwa. Mtego wa kamba hausaidii.

KijanaWaDelta:
Samahani kuingilia, kuna mwenye mbegu ya pojo? Maji yametoka, udongo ni mzuri, nataka kupanda wiki hii.

ShambaLaMpunga:
Ninayo kama gunia nusu. Njoo na chombo chako.

MamaWaNgao:
Ya msimu huu au ya mwaka jana? Ile ya mwaka jana ilinioza ardhini. Kama ni ya msimu huu niwekee kilo nne, kesho asubuhi navuka.